Muwa wa Bondeni na Muwa wa Mlimani

Watu wengi hudhani ya kuwa muwa ni muwa tu, na ya kuwa mbegu iliyo njema mahali pamoja ni njema kila mahali. Sisi nasi tulidhani vivyo hivyo, ijapokuwa tulikuwa tumekwisha kupita katika chuo cha ualimu cha misheni, na kuwafundisha watoto habari za udongo na mvua kwa miaka kadha wa kadha. Dhana ile ilimgharimu mjomba wetu mavuno ya miaka miwili. Kwa hiyo twaandika habari hii bila kujificha, maana kosa lilikuwa letu.

Kwetu ni milima ya Usambara, upande wa Lushoto, mahali palipoinuka kadiri ya mita 1,400 juu ya bahari. Lakini kazi ya ualimu ilitupeleka mbali, katika bonde la Kilombero, karibu na Kidatu, ambako nchi iko chini, kadiri ya mita 300 tu, na joto lake humtoa mtu jasho hata akiwa ameketi kivulini. Huko miwa ndiyo maisha ya watu. Kiwanda cha sukari kilijengwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kando ya mashamba yake makubwa wako wakulima wadogo, maelfu kwa maelfu, wenye ekari moja, mbili, au tano, nao huuza miwa yao kiwandani. Mgeni akifika mwezi wa Julai huyaona magari yaliyosheheni, husikia harufu ya majani yaliyochomwa moto, na masizi humwangukia juu ya shati lake la Jumapili. Tulipofika, aina iliyopandwa na wengi ilikuwa ile iitwayo NCo 376. Wazee wa pale waliisifu kama watu wamsifuvyo ng'ombe wa maziwa: hukatwa baada ya mwaka mmoja, na visiki vyake hutoa maotea mwaka baada ya mwaka pasipo kupanda upya.

Basi mwaka 2016 mjomba wetu alitupigia simu. Yeye alikuwa na shamba dogo bondeni kwake, kando ya kijito, lenye miwa myekundu ya kale, ambayo baba yake aliipanda kabla yake. Watu huinunua kwa kutafuna, na wengine, twasikitika kusema, kwa kukamua pombe. Akasema, "Mpwa wangu, nasikia huko uliko miwa ni minene kama mkono wa mtu. Niletee mbegu ya kiwandani. Binti yangu ameitwa chuo cha uuguzi, na hii miwa ya marehemu baba haitoshi kumlipia ada."

Hatukumwuliza mtu yeyote. Tulinunua mbegu kwa jirani, tukaikata vipande, tukaitia katika magunia, tukapanda nayo basi mpaka Mombo, na kutoka Mombo tukapanda mlima. Tulipofika tulipokewa kwa shangwe. Mjomba alikuwa amekwisha kung'oa miwa yake yote ya zamani ili kuipisha mbegu mpya. Tukapanda mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zilipoanza, na kabla ya kuondoka tuliwaambia majirani waliokuja kutazama ya kuwa baada ya mwaka mmoja watastaajabu.

Walistaajabu kweli. Desemba 2017 tulikwenda kusalimu, na shamba lile lilikuwa na miezi kumi na minne. Miwa ilitufika kifuani. Pingili zake zilikuwa fupi kama kidole gumba, tena nyembamba, na majani yake yalikuwa yamepauka. Ng'ambo ya kijito miwa myekundu ya jirani, iliyopandwa majira yale yale, ilikuwa imempita mtu kimo. Mjomba alisimama kando yetu muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, mbegu yako imelala."

Hakutuita mpwa. Nasi tukajibu neno la kipumbavu, ya kwamba huenda samadi haikutosha. Alikuwa ametia samadi ya ng'ombe wake wote.

Hayo hayakutosha. Mwaka uliofuata, baada ya kuikata miwa ile na kuwapa mifugo sehemu kubwa, maotea yalichipua membamba kama nyasi, na katika mashina manne ukatoka mjeledi mweusi kileleni, unaomwaga unga kama masizi. Huo ni ugonjwa wa fugwe. Unga ule ni mbegu za ukungu. Upepo huuchukua, nao huweza pia kusafiri umejificha ndani ya kipande cha kupandia, usionekane kwa macho. Sisi ndio tuliousafirisha. Mjomba akayang'oa mashina pamoja na mizizi yake, akayachoma moto, asije akawaharibia majirani. Kisha akaling'oa shamba lote. Binti yake alikaa nyumbani mwaka mzima.

Tuliporudi Kidatu tulikwenda kwa bwana shamba, tukamweleza yote. Hakutucheka. Alituuliza swali moja tu: "Uliipandisha mita ngapi?" Nasi hatukujua, maana hatukuwa tumepata kulifikiri jambo hilo. Akatueleza, na hapo ndipo tulipoanza kusoma kweli habari za miwa.

Muwa ni mtoto wa joto. Hukua kwa furaha hewa ikiwa na joto la digrii 27 hata 33. Likishuka chini ya 20 hukua polepole, na baridi ikizidi husimama. Na kila mtu apandapo mlima mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Hebu msomaji apige hesabu mwenyewe kati ya Kidatu na kwetu. Mbegu ile ilikuwa haikulala kwa uvivu. Ilikuwa yaona baridi. Walakini baridi si adui siku zote. Muwa ukiisha kukua, baridi kidogo pamoja na ukame huuzuia usirefuke, na sukari ambayo ungeitumia kwa kukua hujikusanya ndani ya bua. Ndiyo sababu miwa ya Kilombero huanza kukatwa katika miezi ya baridi na kiangazi, si wakati wa masika, ambapo bua ni nene lakini maji yake ni mengi kuliko utamu. Basi mahali pa joto na mvua daima muwa hurefuka pasipo kuiva vizuri, na mahali pa baridi daima husinyaa. Kila aina ina kiasi chake cha kuyavumilia haya mawili.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo lilitufungua macho kuliko yote. Muwa haupandwi kwa punje kama mahindi. Mahindi ya jirani huchanganyika na yako kwa upepo, na watoto wao hawafanani na wazazi. Lakini muwa hupandwa kwa kipande cha mwili wake wenyewe, pingili mbili au tatu zenye macho. Maana yake ni kwamba kila shina la NCo 376 lililoko Kidatu, na lililoko Natal, na lile lililokufa kwa mjomba wetu, ni mmea mmoja, uliokatwa na kukatwa tena tangu mche wa kwanza. Damu ni ile ile. Kwa hiyo likistawi hapa na kudumaa pale, hatuwezi kusema kwamba mbegu zilikuwa mbili. Udongo, maji, hewa na maradhi ya mahali ndivyo vilivyo mbalimbali.

Tena bwana shamba alitufundisha kuyasoma majina. Tulikuwa tukiyatamka kama kasuku, kumbe herufi zile ni kama jina la ukoo. N ni Natal, katika Afrika ya Kusini. Co ni Coimbatore, mji wa India ya Kusini, ambako kituo cha kuzalisha miwa kilianzishwa mwaka 1912. R ni kisiwa cha Réunion, B ni Barbados, D ni Demerara. Na kwa nini NCo ina mahali pawili? Kwa sababu Natal ina baridi, na maua ya miwa ya huko hayakuweza kuzaa mbegu zenye uhai. Basi maua yaliunganishwa Coimbatore kwenye joto, na mbegu zake, ndogo kama vumbi, zikapelekwa Natal, zikaoteshwa, na miche iliyo bora ikachaguliwa huko. Mama aliitwa Co 421, baba aliitwa Co 312.

Wazazi hao walizaa watoto wengi, na wawili kati yao walipata sifa duniani. Kaka ni NCo 310, aliyetolewa kwa wakulima mwaka 1945; mdogo wake ni NCo 376, aliyetolewa mwaka 1955. Baba mmoja, mama mmoja. Yaliyowapata yatushangaza mpaka leo. Kaka alisafiri sana. Baada ya Vita ya Pili alipelekwa Taiwan, akaenea katika sehemu kubwa ya mashamba ya kisiwa kile. Akapendwa pia Okinawa, na huko Australia wakulima wa Bundaberg wakampanda kwa wingi. Lakini katika miaka ya 1970 ugonjwa uitwao Fiji, unaochukuliwa na kidudu kidogo kirukacho kutoka jani hata jani, ulienea Bundaberg, na NCo 310 hakuwa na nguvu ya kuupinga hata kidogo. Iliwabidi wakulima wamwondoe na kutafuta aina nyingine. Na kwao, Afrika ya Kusini, kaka yule alionekana mnyonge mbele ya fugwe. Mdogo ndiye aliyeshika nyumba, hata wakati mmoja zaidi ya nusu ya miwa ya Afrika ya Kusini ilikuwa NCo 376. Akavuka mipaka, akafika na kwetu. Naye ana udhaifu wake, maana fugwe humpata katika nchi za joto na ukame.

Mama yao naye alifika Afrika ya Mashariki kwa njia yake. Co 421 ilipandwa kwa miaka mingi katika Kenya ya Magharibi, ambako nchi imeinuka, Mumias ikiwa kadiri ya mita 1,300. Huko muwa hukaa shambani miezi 18 hata 24 kabla ya kukatwa, na wakulima wameizoea saburi hiyo, ingawa watafiti wa Kenya wametafuta aina ziivazo mapema zaidi. Tulipoyasoma hayo tulikaa kimya. Kama tungalijua habari ya mwinuko wa nchi peke yake, tungalimwambia mjomba asitazamie kukata kwa miezi kumi na miwili, naye asingaliweka tumaini la ada juu ya mwaka mmoja.

Hata hapa Tanzania mashamba makubwa hayafanani. Arusha Chini, kusini ya Moshi, mvua ni haba, lakini maji ya mifereji ni mengi na jua ni kali. Mavuno yake yasifiwa katika Afrika nzima. Walakini sehemu nyingine za ardhi ile zina chumvi, na aina isiyovumilia chumvi hukauka ncha za majani. Mtibwa iko chini ya milima ya Nguru, Kagera iko mbali magharibi ya Ziwa, kila moja na mvua yake. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Kibaha, kinapopokea aina mpya kutoka nchi za kigeni, hakiitoi mara moja. Kwanza hutengwa na kuchunguzwa isije na maradhi. Kisha hupandwa katika vijishamba vidogo vidogo, kila aina mara kadhaa, mahali mbalimbali, ikapimwa uzito na utamu, si mwaka wa kwanza tu bali na katika maotea yake. Mara nyingi aina iliyo ya kwanza mahali pamoja huwa ya tatu au ya nne mahali pengine. Kazi hiyo huchukua miaka, na wakulima hunung'unika kwamba wataalamu wakawia. Sisi tuliokimbia na magunia basini hatuna haki ya kunung'unika.

Kisiwa cha Réunion chatupa mfano mzuri zaidi, maana ni kidogo, lakini kina pwani ya joto na milima mirefu. Wazalishaji wake hawatafuti muwa mmoja wa kisiwa kizima. R 579 hupandwa katika nchi za chini zenye maji ya kumwagilia, na R 577 katika nchi za juu. R 570 imesafiri mbali, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba wamezisoma chembe zake za urithi. Ni kazi kubwa, maana muwa una urithi uliochanganyika kuliko wa mtu. Hata hivyo, hata kwa aina iliyosomwa hivyo, kijishamba cha kujaribia bado chahitajiwa.

Mwaka 2019 tulifanya jaribio letu shuleni pamoja na wanafunzi. Tulichagua mahali pawili: tambarare ya udongo mweusi karibu na mto, na kilima cha kichanga nyuma ya madarasa. Tukapanda aina mbili, NCo 376 na nyingine ambayo hatutaitaja, maana shamba la watoto si ushahidi wa kumharibia mtu biashara. Kila mahali tulipagawa vipande vinane, na watoto wakapiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia, ili aina moja isipewe kwa upendeleo mahali pazuri. Mbegu safari hii tuliipata kwa bwana shamba, iliyokwisha kutiwa katika maji ya moto ya digrii 50 kwa saa mbili, ili kuua maradhi yaliyojificha ndani.

Mwaka wa kwanza NCo 376 ilishinda katika udongo mweusi, na ile nyingine ikashinda kilimani. Watoto walifurahi, wakaandika jibu katika madaftari yao, wakapiga mstari chini yake. Lakini mvua za mwaka 2020 zilikuwa nyingi mno. Maji yalisimama katika tambarare majuma kadhaa, na maotea ya mshindi wetu yakageuka manjano, hali aina ya pili ilisimama imara mle mle majini. Basi katika udongo ule ule, mwaka ulipobadilika, mshindi naye alibadilika. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, sasa niandike ipi ndiyo bora?" Tulisimama na chaki mkononi, tukamwambia aandike mahali na mwaka pamoja na jina la muwa. Hakuridhika, nasi twamsifu kwa kutoridhika kwake.

Huku nyuma mjomba wetu hakukaa bure. Alipokuwa akiling'oa shamba lake la zamani mwaka 2016, mkaza mjomba hakusema neno mbele ya wageni, lakini jioni alichukua mashina sita ya miwa myekundu, akayapanda penye maji machafu ya jikoni. Alipoulizwa baadaye, alisema hakuwa na shaka na mwalimu, bali hakupenda kuona kitu cha mkwewe kinakwisha chote siku moja. Kutoka mashina yale sita shamba lilirudishwa polepole. Lilichukua miaka mitatu. Hatujui jina la muwa ule katika vitabu, wala herufi za ukoo wake. Watu wa kwetu huuita mwekundu tu. Hautoi uzito kama wa bondeni, na kiwanda pengine kisingeutaka. Lakini unazifahamu baridi za Julai za mahali pale.

Juni 2021 tulikwenda tena. Binti alikuwa amekwisha kumaliza mwaka wake wa kwanza chuoni, naye alikuwako nyumbani kwa likizo, amevaa sweta, akisaidia kufunga miwa mafungu mafungu kwa ajili ya soko la Soni. Tulikaa siku nne. Asubuhi ya kuondoka mjomba alituletea mabua matatu mazuri, mekundu, yenye macho yaliyojaa, amefunga kwa ukindu. Akasema mbele ya watu wote, "Mpwa wangu, chukua hii ukapande Kidatu, nao waone miwa ya kwetu."

Hatukuweza kukataa zawadi ya mkubwa mbele ya watoto wake. Tukapokea kwa mikono miwili, tukashukuru, tukapanda gari. Barabara ya kushuka ni ya kona nyingi, na abiria walikuwa wachache. Tukatoa kisu, tukaanza kumenya, tukamgawia dereva na mama mmoja aliyeketi mbele yetu, macho ya muwa tukayachonga moja moja tukayatia mfukoni pamoja na makapi; na kabla hatujafika Mombo hapakuwa na kipande kilichosalia cha kupanda.